Seth Eastman

Seth Eastman (Brunswick, Maine, 24 Januari 1808 – Washington, D.C., 31 Agosti 1875) alikuwa mchoraji na afisa wa jeshi la nchi kavu la Marekani. Anakumbukwa hasa kwa picha zake za maisha ya Wadakota wa bonde la mto Mississippi, na kwa picha 17 za ngome za Marekani alizochora katika miaka ya mwisho ya maisha yake kwa ajili ya jengo la Capitol, makao ya bunge mjini Washington. Ngome hizo, zikiwemo moja iliyobaki kifusi na nyingine zilizojengwa mpakani mwa nchi za wenyeji asilia wa Amerika, amezionyesha zikiwa zimetulia, bila mapigano.

Alikuwa mume wa mwandishi Mary Henderson Eastman na babu wa Charles Eastman, daktari na mwandishi wa Kidakota.

Utoto na masomo

Eastman alizaliwa akiwa mtoto wa kwanza katika familia ya watoto 13. Mwaka 1824, akiwa na miaka 16, alijiunga na chuo cha kijeshi cha West Point, kilichopo juu ya mto Hudson katika jimbo la New York. Alihitimu mwaka 1829 na kupewa cheo cha luteni katika kikosi cha kwanza cha askari wa miguu.

Siku hizo kuchora lilikuwa somo la lazima West Point. Kamera haikuwepo bado, na afisa aliyetumwa kwenye nchi isiyo na ramani alitakiwa arudi na mchoro wa mto, kilima na njia ambao mkuu wake angeweza kuutegemea. Eastman alijifunza kwanza kuchora ardhi, na tabia hiyo hakuiacha hata alipogeukia watu: katika picha zake mstari wa kilima na ukingo wa mto uko mahali pake.

Fort Snelling na familia ya Kidakota

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Fort Crawford, huko Prairie du Chien kwenye mto Mississippi. Mwaka 1830 alihamishiwa Fort Snelling, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Minnesota. Ngome hiyo ya mawe ya chokaa ilikuwa imejengwa juu ya genge, mahali mto Minnesota unapoingia Mississippi. Wadakota huita makutano hayo Bdote, na kwa wengi wao hapo ni mahali patakatifu panapohusishwa na asili ya watu wao.

Karibu na ngome, kando ya ziwa Bde Maka Ska, palikuwa na kijiji cha wakulima kilichoongozwa na chifu Mahpiya Wicasta, jina lenye maana ya Mtu wa Mawingu. Mabinti watatu wa chifu huyo waliishi na wanaume weupe waliohusiana na ngome. Mmoja aliishi na Lawrence Taliaferro, wakala wa serikali kwa ajili ya wenyeji; wa pili na mfanyabiashara Daniel Lamont; wa tatu, Wakinajinwin, aliolewa na Eastman kwa desturi ya Kidakota. Kila mmoja alizaa binti.

Binti wa Eastman aliitwa Nancy, na katika vitabu hutajwa pia kama Mary Nancy Eastman. Alikuwa bado mdogo sana baba yake alipopangiwa kazi nyingine na kuondoka. Mama na mtoto walibaki kwa watu wao. Ndoa za namna hiyo zilikuwa za kawaida katika ngome za mpakani, na kwa kawaida zilikwisha pale amri ya uhamisho ilipofika.

Mwalimu wa uchoraji

Kuanzia mwaka 1833 Eastman alifundisha uchoraji West Point. Wakuu wake walikuwa wachoraji wa kazi: kwanza Charles Robert Leslie, ambaye hakukaa muda mrefu, kisha Robert Walter Weir. Kwao alijifunza rangi za mafuta na mpangilio wa picha ya mandhari. Mwaka 1837 kilichapishwa kitabu chake cha kufundishia uchoraji wa ramani, kikatumika chuoni hapo, na mwaka 1838 chama cha wasanii cha National Academy of Design mjini New York kilimpokea kama mwanachama wa heshima.

Mwaka 1835 alimwoa Mary Henderson, binti wa daktari wa jeshi kutoka Virginia, aliyezaliwa mwaka 1818. Mwaka 1840 alipelekwa Florida, ambako jeshi lilikuwa likipigana na Waseminole. Hakudumu huko.

Miaka saba mpakani

Mwaka 1841 Eastman alirudi Fort Snelling akiwa kapteni, safari hii pamoja na Mary na watoto wao. Alikaa hadi mwaka 1848 na mara kadhaa alikuwa kamanda wa ngome. Hii ndiyo miaka iliyomfanya mchoraji.

Kazi ya kamanda wa kituo cha mbali ilikuwa nyingi kwa makaratasi na ndogo kwa vita, hivyo alipata nafasi ya kutoka na daftari. Alichora wanawake wakivuna mpunga mwitu kutoka kwenye mitumbwi, wasichana wakifukuza ndege shambani, familia zikipika sukari kutokana na utomvu wa miti, wanaume wakipiga mkuki samaki kupitia tundu la barafu, vijana wakicheza mpira wa vijiti, wafu wakiwa wamelazwa juu ya majukwaa. Alijifunza lugha ya Kidakota. Wachoraji wengine wa wakati wake, kama George Catlin, walipita katika nchi hizo kwa safari za miezi michache na kuchora zaidi machifu waliovaa mavazi ya sherehe. Eastman aliona mtu yuleyule akifanya kazi ileile mwaka baada ya mwaka, ndiyo maana kazi za wanawake zina nafasi kubwa kwake kuliko kwa mchoraji mwingine yeyote wa kipindi hicho.

Kuna jambo ambalo picha hizo hazionyeshi. Kwa mkataba wa mwaka 1837 Wadakota walikuwa wameshatoa ardhi yao yote ya mashariki ya Mississippi, na kijiji cha Mahpiya Wicasta kilikuwa kimehama kutoka kando ya ziwa. Maisha aliyoyachora yalikuwa yanabanwa na serikali ileile ambayo yeye alikuwa mwakilishi wake wa kijeshi mahali hapo.

Mary naye alikusanya hadithi kutoka kwa wanawake wa Kidakota waliofika nyumbani kwake. Mwaka 1849 alizitoa katika kitabu kuhusu maisha na masimulizi ya Wadakota wa jirani na Fort Snelling, kikiwa na picha za mumewe. Kitabu hicho ni kimojawapo cha vyanzo vilivyomsaidia Henry Wadsworth Longfellow alipotunga utenzi wake wa Hiawatha, uliotoka mwaka 1855. Mary alijulikana zaidi, kwa namna isiyomletea sifa leo, kwa riwaya ya Aunt Phillis's Cabin ya mwaka 1852. Aliiandika kutetea utumwa, akimjibu Harriet Beecher Stowe aliyetoa Uncle Tom's Cabin.

Magofu ya Texas

Mwishoni mwa mwaka 1848 kikosi cha Eastman kilipelekwa Texas, iliyokuwa imejiunga na Marekani miaka mitatu tu kabla. Alishuka kwa meli kwenye Mississippi akichora kingo za mto njia nzima. Huko aliongoza kambi karibu na mji wa Fredericksburg ambayo baadaye iliitwa Fort Martin Scott.

Alipopita San Antonio, mwezi Novemba 1848, alichora magofu ya Alamo. Hapo zamani palikuwa na misheni ya Kihispania, kisha pakawa ngome, na mwaka 1836 watetezi wake waliuawa na jeshi la Mexiko. Miaka 12 baadaye Eastman alikuta kanisa lisilo na paa, kuta zimebomoka juu, kifusi ndani. Mchoro huu una thamani ya pekee kwa wanahistoria. Sehemu ya juu ya ukuta wa mbele yenye umbo la upinde, ile inayotambulisha Alamo duniani kote, iliongezwa na jeshi la Marekani mwaka 1850 jengo lilipogeuzwa ghala. Eastman alichora kabla ya matengenezo hayo, na kwake ukuta huo hauna upinde. Alichora pia misheni nyingine za jirani, zikiwemo San José na Concepción, zilizokuwa zimeachwa. Daftari lake la safari hiyo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la McNay mjini San Antonio.

Picha za kitabu cha Schoolcraft

Serikali ilikuwa imempa Henry Rowe Schoolcraft kazi ya kukusanya habari zote kuhusu makabila ya wenyeji asilia wa nchi, na kitabu kilihitaji mchoraji. Eastman aliomba kazi hiyo, na mwaka 1850 akahamishiwa Washington. Kitabu kilitoka katika juzuu sita kati ya mwaka 1851 na 1857, na picha nyingi zilizomo ni zake. Nyingine alizichora kutokana na michoro ya maafisa wenzake waliofika mahali ambapo yeye hakufika. Alilipwa mshahara wake wa jeshi tu.

Mwaka 1855 alirudishwa Texas, kwenye ngome za Fort Duncan na Fort Chadbourne, kwa muda mfupi. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) umri na afya havikumruhusu kwenda mstari wa mbele. Aliandikisha askari katika majimbo ya Maine na New Hampshire, akawa gavana wa kijeshi wa Cincinnati, kisha akastaafu mwaka 1863 kwa sababu ya ugonjwa. Mwaka 1866 alipewa cheo cha heshima cha brigedia jenerali.

Yaliyotokea chini ya ngome

Wakati Eastman akiandikisha askari mashariki, Fort Snelling ilikuwa na kazi nyingine. Kwa mikataba ya mwaka 1851 Wadakota walikuwa wamepoteza karibu ardhi yao yote iliyobaki Minnesota na kuwekwa kwenye ukanda mwembamba kando ya mto Minnesota. Malipo ya serikali yalipochelewa na njaa ikaingia, vita vilianza Agosti 1862. Vilikwisha baada ya wiki chache. Tarehe 26 Desemba 1862 wanaume 38 wa Kidakota walinyongwa kwa pamoja mjini Mankato.

Wadakota wapatao 1,600, wengi wao wanawake, watoto na wazee, walipelekwa kwa miguu hadi Fort Snelling na kuwekwa kizuizini majira yote ya baridi katika kambi iliyozungushiwa ua wa mbao, bondeni chini ya genge lenye ngome. Kwa makadirio ya wanahistoria, kati ya watu 130 na 300 walikufa humo, wengi kwa magonjwa. Mmoja wao alikuwa Mahpiya Wicasta, chifu wa kijiji cha Bde Maka Ska, baba yake Wakinajinwin. Mwaka 1863 waliobaki walisafirishwa kwa meli na kufukuzwa Minnesota.

Binti ya Eastman hakuyaona hayo. Nancy aliolewa na Mdakota aliyeitwa Wakanhdi Ota, yaani Radi Nyingi, akafa mwaka 1858 muda mfupi baada ya kumzaa mtoto wake wa tano. Vita vilipozuka mtoto huyo, baadaye Ohiyesa, alikimbizwa na bibi yake mzaa baba na mjomba hadi Kanada. Baba yao alikamatwa na kufungwa miaka kadhaa katika gereza la kijeshi huko Davenport, Iowa. Kwa hiyo jeshi ambalo babu mmoja alikuwa afisa wake lilikuwa limemfunga baba na kumtorosha mtoto.

Picha za Capitol

Mwaka 1867 mbunge Robert Schenck wa Ohio alipendekeza Eastman arudishwe kazini ili achore picha za chumba cha kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyoshughulikia mambo ya wenyeji asilia. Hoja ilikuwa ya fedha na ya uzalendo pia. Wabunge kadhaa hawakufurahi kuona kuta za Capitol zikijazwa na wasanii waliozaliwa Ulaya, kama Constantino Brumidi wa Roma. Emanuel Leutze, aliyezaliwa Ujerumani, alikuwa amelipwa dola 20,000 kwa picha moja kubwa ya ukutani mwanzoni mwa miaka ya 1860. Eastman angelipwa mshahara wa afisa na basi. Bunge lilikubali mwezi Machi.

Hadi mwaka 1869 alimaliza picha tisa, nyingi zikitokana na michoro yake ya zamani ya Fort Snelling: uvunaji wa mpunga mwitu, uvuvi wa majira ya baridi, baraza la wazee, mwanamke akilainisha ngozi ya kulungu, ngoma, uwindaji wa baisani. Moja inatofautiana na zote. Inamwonyesha shujaa akipiga kelele ya ushindi juu ya maiti, ameinua ngozi ya kichwa yenye nywele. Ni picha ya vurugu kutoka kwa mtu aliyezikwepa vurugu maisha yake yote ya uchoraji, na kwa wengi ndiyo inayodhuru heshima yake. Baadaye iliondolewa ukutani baada ya malalamiko.

Mwaka 1870 John A. Logan, jenerali wa zamani na mwenyekiti wa kamati ya mambo ya kijeshi, alimwagiza picha za ngome kuu za nchi. Uchaguzi wa ngome badala ya mapigano ulikuwa na maana yake. Vita vilikuwa vimekwisha miaka mitano tu iliyopita, wabunge kutoka kusini walikuwa wanarudi, na picha ya ushindi wa upande mmoja ingewasha moto upya katika chumba cha mikutano. Ukuta wa mawe uliotulia kando ya maji usingemuudhi mtu.

Eastman alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60 na afya yake ilikuwa dhaifu. Hakusafiri kwenda kila ngome. Alitumia michoro yake ya zamani, ramani za ujenzi na picha za kamera. Nyingi za ngome hizo ni za pwani ya mashariki: Fort Knox kwenye mto Penobscot huko Maine, ambayo haikuwahi kushambuliwa, Fort Trumbull ya Connecticut, Fort Mifflin iliyozingirwa na Waingereza mwaka 1777, Fort Delaware iliyofunga mateka wa kusini, Fort Jefferson, jengo kubwa mno la matofali kwenye kisiwa kidogo upande wa kusini wa Florida.

Fort Sumter ya South Carolina, mahali vita vilipoanza tarehe 12 Aprili 1861, ilipewa picha tatu: kabla ya vita, baada ya mashambulizi, na baada ya vita kumalizika. Mtazamaji anayezifuata kwa mpangilio anaona kuta ndefu zilizosimama, kisha lundo la matofali. Wanaopigana hawaonekani popote. Ni katika picha hizi tatu ambapo utulivu wa Eastman unasema zaidi, kwa sababu kila mbunge wa miaka ile alijua kilichotokea kati ya moja na nyingine.

Tatu nyingine ni za mpakani. Fort Rice ilijengwa mwaka 1864 kwenye mto Missouri na jeshi lililowafuata Wadakota na ndugu zao waliokimbilia magharibi baada ya vita vya 1862. Fort Defiance ilijengwa mwaka 1851 katikati ya nchi ya Wanavajo. Ya tatu ni Fort Snelling. Kwa hiyo, kama alivyoagizwa, Eastman alichora mahali alipoishi akiwa kijana na mahali alipokuwa kamanda, miaka isiyozidi 12 tangu kambi ya kizuizini iwepo chini yake. Kambi hiyo haimo kwenye picha.

Ya mwisho ilikuwa West Point. Tarehe 31 Agosti 1875 Eastman alifariki mjini Washington wakati bado akiishughulikia. Alizikwa katika makaburi ya Oak Hill, Georgetown. Mary alifariki mwaka 1887.

Ukoo wake na picha zake baadaye

Wakati babu yake anakufa, Ohiyesa alikuwa na miaka 17. Baba yake, ambaye familia ilidhani ameshanyongwa, alikuwa amemfuata Kanada na kumrudisha Marekani, ambako kijana huyo aliitwa Charles Eastman na kupelekwa shule. Alisoma udaktari mjini Boston, na mwishoni mwa mwaka 1890 ndiye aliyewatibu majeruhi wa mauaji ya Wounded Knee katika eneo la Pine Ridge. Kitabu chake cha kwanza, kuhusu utoto wake, kilitoka mwaka 1902. Alifariki mwaka 1939.

Picha 17 za ngome zimebaki Capitol hadi leo: nane ziko upande wa Seneti na tisa upande wa Baraza la Wawakilishi. Fort Snelling yenyewe iliacha kuwa kituo cha jeshi mwaka 1946. Sehemu kubwa ya majengo ya zamani ilikuwa imebomolewa; mnara wa duara ulisalia, na kuta zilijengwa upya katika miaka ya 1960 na 1970 kwa ajili ya wageni. Bondeni, mahali palipokuwa na kambi, kuna kumbukumbu ya waliofungwa humo, na Wadakota hufika hapo kuwakumbuka wafu wao.